Kuunganisha Moodle na Kanzidata ya Wanafunzi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila muhula mpya unapokaribia, wasimamizi wa Moodle, yaani mfumo wa masomo ya mtandaoni, vyuoni huuliza maswali yaleyale: wanafunzi wetu tayari wamo kwenye mfumo wa usajili, je, ni lazima tuwaandikishe upya Moodle mmoja mmoja? Je, mwanafunzi anaweza kutumia jina na nywila ileile katika mifumo yote miwili? Je, aliyemaliza chuo ataondolewa na nani? Majibu yote yamo ndani ya programu-jalizi moja ambayo huja pamoja na Moodle bila malipo na bila kupakua kitu cha ziada, nayo kwenye skrini huitwa "External database". Kazi yake ni rahisi kueleza: mtu anapoandika jina na nywila, Moodle huenda kuuliza kanzidata nyingine kama mtu huyo yupo na kama nywila yake ni sahihi, kisha humfungulia akaunti.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza. Mifano yote imeandikwa kwa kanzidata ya aina ya MySQL kwa sababu ndiyo niliyoikuta katika vyuo vingi, lakini PostgreSQL, Oracle na SQL Server hufuata njia hiyohiyo kwa tofauti ndogo za amri.

Kabla ya kuanza

Hakikisha vitu vifuatavyo viko mkononi, kwa maana kukosa kimoja tu kutakusimamisha katikati ya kazi.

- Akaunti ya msimamizi mkuu wa Moodle ambayo aina yake ya uthibitisho ni "Manual accounts". Akaunti hiyo usiibadilishe kamwe, kwa kuwa ndiyo mlango wako wa kuingilia siku kanzidata ya nje itakapozimika.
- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mfumo wa usajili, pamoja na mtu wa upande wao anayeweza kuunda viu ("view", inayoelezwa katika hatua ya 1) na mtumiaji mpya wa kanzidata. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, kwa hiyo kuchukua taarifa za wanafunzi kwa makubaliano ya mdomo hakukulindi wewe wala chuo.
- Anwani ya IP ya seva ya Moodle na ya seva ya kanzidata, pamoja na namba ya poti, ambayo kwa kawaida ni 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL na 1433 kwa SQL Server.
- Kiendelezi cha PHP, lugha inayoiendesha Moodle, kinacholingana na kanzidata ya nje, kikiwa kimewekwa kwenye seva ya Moodle. Ikiwa Moodle yako yenyewe inatumia PostgreSQL na mfumo wa usajili unatumia MySQL, utahitaji viendelezi vyote viwili.
- Nakala rudufu ya kanzidata ya Moodle iliyochukuliwa leo, ambayo umejaribu kuirejesha mahali pengine ukaona inafunguka.

Hatua ya 1: Unda viu, usiguse majedwali yenyewe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Moodle inataka jedwali moja lenye kila kitu, ilhali mfumo wa usajili huwa na majina kwenye jedwali moja, nywila kwenye jingine na hali ya mwanafunzi kwenye la tatu. Badala ya kubadilisha chochote huko, omba iundwe viu moja ya kusomwa tu, yaani jedwali lisilohifadhi data yake lenyewe bali linalokusanya safu ulizochagua kutoka kwenye majedwali mengine. Mfano rahisi ni huu:

CREATE VIEW moodle_watumiaji AS
SELECT LOWER(REPLACE(TRIM(namba_usajili), '/', '-')) AS jina_kuingia,
nywila,
TRIM(jina_kwanza) AS jina_kwanza,
TRIM(jina_ukoo) AS jina_ukoo,
LOWER(TRIM(barua_pepe)) AS barua_pepe,
namba_usajili
FROM wanafunzi
WHERE hali = 'HAI';

Tazama safu ya kwanza kwa makini. Namba nyingi za usajili katika vyuo vyetu huandikwa kwa mikwaju na herufi kubwa, mfano wa BIT/0147/2023. Moodle kwa mpangilio wake wa kawaida hukubali katika jina la mtumiaji herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, kistari cha chini na alama ya @ tu. Mkwaju haumo. Ukiiacha namba kama ilivyo, mwanafunzi ataandika jina lake sawasawa na bado hatapata akaunti, nawe utatafuta kosa kwenye nywila siku nzima. Mstari ule wa LOWER na REPLACE huigeuza namba hiyo kuwa bit-0147-2023, na hilo ndilo jina utakalowatangazia wanafunzi. Upo mpangilio wa Moodle unaoruhusu alama nyinginezo katika majina, lakini sishauri kuuwasha kwa ajili ya tatizo linalomalizika ndani ya viu.

Namba halisi yenye mikwaju tumeibakiza katika safu ya mwisho. Tutaipeleka kwenye sehemu ya "ID number" ya wasifu wa mwanafunzi, ambako mikwaju haina madhara, na ambako itakufaa baadaye utakapotaka kulinganisha orodha za alama au kuwaandikisha wanafunzi kwenye kozi kwa mkupuo.

Weka katika viu yale tu ambayo Moodle inayahitaji. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na deni la ada havina kazi huko. Kuhusu deni la ada nisisitize, kwa sababu ombi hilo hutoka kwa ofisi ya fedha karibu kila mara: usiweke katika viu sharti la kuwaondoa wenye deni. Mwanafunzi aliyelipa asubuhi na malipo yake yakachelewa kuonekana hadi kesho yake atafungiwa mlango katikati ya jaribio la mtandaoni, naye atakayejibu malalamiko ni wewe. Masuala ya ada yashughulikiwe na mfumo wa mitihani au wa matokeo, penye watu wenye mamlaka ya kuyaamua.

Viu ikishaundwa, pima usafi wake kwa amri hii:

SELECT jina_kuingia, COUNT(*) FROM moodle_watumiaji
GROUP BY jina_kuingia HAVING COUNT(*) > 1;

Jibu linalotakiwa ni orodha tupu. Rudia amri hiyo kwa barua_pepe. Utashangaa ni wanafunzi wangapi walioandikishwa kwa barua pepe ya mtu mmoja wa duka la intaneti aliyewajazia fomu. Warekebishwe huko kwenye usajili kabla hujaendelea, kwa kuwa Moodle kwa kawaida haimruhusu mtu kuhifadhi wasifu wenye barua pepe inayotumiwa na akaunti nyingine.

Hatua ya 2: Unda mtumiaji wa kanzidata anayesoma tu

CREATE USER 'moodle_soma'@'10.0.0.5' IDENTIFIED BY 'nywila_ndefu_hapa';
GRANT SELECT ON usajili.moodle_watumiaji TO 'moodle_soma'@'10.0.0.5';

Anwani 10.0.0.5 ni ya seva ya Moodle katika mfano huu. Mtumiaji huyu anaweza kusoma viu moja, kutoka seva moja, basi. Usikubali kupewa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote, hata kama mwenzako wa usajili anakuambia ni kwa muda tu.

Ikiwa Moodle yenu iko kwenye seva ya kukodi nje ya nchi na kanzidata iko chuoni, msifungue poti 3306 kwa dunia nzima. Tumieni VPN au njia ya SSH kati ya seva hizo mbili, ili nywila za wanafunzi zisisafiri wazi. Fikirieni pia suala la umeme: katika mpangilio huu Moodle haihifadhi nywila kwake, kwa hiyo chuo kikizimika, hakuna mwanafunzi atakayeweza kuingia upya, hata aliye nyumbani kwake mbali na chuo, ingawa waliokwisha ingia wataendelea. Vyuo vyenye tatizo hilo hufanya vizuri kuweka nakala ya viu hiyo karibu na seva ya Moodle, ikisasishwa mara kadhaa kwa siku.

Hatua ya 3: Jaribu muunganiko ukiwa nje ya Moodle

Ingia kwenye seva ya Moodle, kisha andika amri hii, ambamo 10.0.0.20 ni anwani ya seva ya kanzidata:

mysql -h 10.0.0.20 -u moodle_soma -p usajili -e "SELECT COUNT(*) FROM moodle_watumiaji"

Ukipata idadi ya wanafunzi unayoitarajia, endelea. Ukipata kosa, usiifungue Moodle kabisa. Tatizo liko kwenye mtandao, faiwoli au ruhusa, na skrini ya Moodle haitakuonyesha zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Jaza mipangilio ya Moodle

Fungua "Site administration", kisha "Plugins", kisha "Authentication", na uingie "Manage authentication". Mbele ya "External database" bofya "Settings" na ujaze hivi:

- Host: 10.0.0.20
- Database: mysqli
- DB name: usajili
- DB user na Password: zile za hatua ya 2
- Table: moodle_watumiaji
- Username field: jina_kuingia
- Password field: nywila
- External db encoding: utf-8
- SQL setup command: SET NAMES 'utf8'

Sehemu ya kubadilishia nywila, "Password-change URL", ijazwe anwani ya ukurasa wa mfumo wa usajili unaobadilisha nywila. Ukiiacha tupu, mwanafunzi aliyesahau nywila hatakuwa na pa kwenda, kwa sababu Moodle haina uwezo wa kuibadilisha nywila isiyo yake.

Hatua ya 5: Chagua aina sahihi ya nywila

Angalia nywila moja kwenye kanzidata na uihesabu. Ikiwa ni herufi na tarakimu 32, huenda ni MD5, mojawapo ya njia za kuigeuza nywila isisomeke. Zikiwa 40, huenda ni SHA-1. Ikianza na $2y$ na kuwa na urefu wa 60, ni bcrypt, nayo kwenye Moodle utaichagua kama "Crypt one-way string hashing". Ikiwa unaweza kuisoma kama neno la kawaida, mfumo wa usajili una kasoro kubwa, nawe una wajibu wa kumwambia mwenye mfumo kabla ya kuunganisha chochote. MD5 na SHA-1 nazo zimepitwa na wakati kwa kazi ya kulinda nywila. Zitumie ikiwa huna namna nyingine, lakini omba mpango wa kuhama.

Iko hali ambayo hakuna chaguo linalofaa: waliotengeneza mfumo wa usajili walichanganya nywila na maneno yao ya siri kabla ya kuigeuza. Moodle haiwezi kukisia mchanganyo huo. Hapo chagua "Internal", ambapo kanzidata ya nje hutumika kuthibitisha kwamba mtu yupo, huku nywila ikitunzwa na Moodle yenyewe. Akaunti zitakazoundwa kwa kusawazisha (kazi inayoelezwa katika hatua ya 9) zitatumiwa nywila ya kuanzia kwa barua pepe, na mwenye akaunti atalazimika kuibadilisha anapoingia. Kwa njia hii barua pepe sahihi ni sharti, si pambo.

Hatua ya 6: Unganisha safu na wasifu

Chini ya ukurasa huohuo iko orodha ya sehemu za wasifu. Kwa jina la kwanza andika jina_kwanza, kwa jina la ukoo jina_ukoo, kwa barua pepe barua_pepe, na kwa "ID number" andika namba_usajili. "Update local" iwe "On every login", ili jina likisahihishwa usajili lisahihishwe na Moodle. "Update external" iwe "Never" kwa kila sehemu. Moodle haina ruhusa ya kuandika kwenye usajili, wala haipaswi kuwa nayo.

Kuhusu "Lock value", wengi huchagua "Locked" kila mahali kwa nia njema ya kuzuia wanafunzi wasijibadilishie majina. Tatizo hutokea kwa mwanafunzi asiye na barua pepe kwenye usajili: Moodle humpeleka kwenye wasifu ili aijaze, lakini sehemu imefungwa, kwa hiyo hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Chagua "Unlocked if empty". Kilichojazwa kitabaki kimefungwa, na kilicho tupu atakijaza mwenyewe.

Hatua ya 7: Mpangilio wa hatari, yaani "Removed ext user"

Mpangilio huu huamua kitakachompata mtu ambaye hayumo tena katika viu. Kuna chaguo tatu: kumwacha, kumsimamisha, au kumfuta. Chagua kumsimamisha, "Suspend internal", na usiguse la kufuta.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Katika chuo kimoja nilichowahi kuitwa kusaidia, viu ilikuwa na sharti la mwaka wa masomo, na mpangilio ulikuwa ule wa kufuta. Ofisi ya usajili ilifungua mwaka mpya jioni, kabla hata mwanafunzi mmoja hajajisajili. Viu ikawa tupu. Usiku kazi ya kusawazisha ikapita, ikaona kwamba hakuna mtu hata mmoja kwenye kanzidata ya nje, nayo ikatii ilivyoagizwa. Asubuhi mkuu wa idara ya kompyuta alinionyesha orodha ya watumiaji: walibaki walimu walioandikishwa kwa mkono na msimamizi. Kumfuta mtumiaji kwenye Moodle humtoa katika kozi, katika makundi na katika daftari la alama, kwa hiyo hapakuwa na kitufe cha kurudisha. Nakala rudufu ya siku mbili nyuma ndiyo iliyotuokoa, na kazi zilizowasilishwa katika siku hizo mbili wanafunzi walizirudia.

Kama wangechagua kumsimamisha, viu ikijaa tena kazi ya kusawazisha ingewafungulia wote bila kupoteza alama moja.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mtu mmoja

Hifadhi mipangilio, rudi "Manage authentication", na ubofye "Test settings" mbele ya "External database". Ikifanikiwa utaona majina ya safu za viu yako. Sasa iwashe programu-jalizi hiyo kwa kubofya alama ya jicho. Usitoke kwenye akaunti yako ya msimamizi. Fungua kivinjari kingine, kisha mwombe mwanafunzi mmoja aliye karibu aingie kwa jina na nywila yake mwenyewe. Kagua wasifu wake, herufi kwa herufi.

Hatua ya 9: Washa kazi ya kusawazisha

Bila hatua hii akaunti huundwa pale tu mtu anapoingia kwa mara ya kwanza, maana yake mwalimu hawezi kumweka kwenye kozi mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia. Kazi ya kusawazisha huja ikiwa imezimwa. Iendeshe kwanza kwa mkono ukiwa ndani ya folda ya Moodle, na usome kila mstari unaotoka:

sudo -u www-data php admin/cli/scheduled_task.php --execute='\auth_db\task\sync_users'

Ukiridhika, nenda "Server", "Tasks", "Scheduled tasks", uiwashe na kuipangia saa ya usiku. Cron ya Moodle, yaani kiendeshaji cha kazi zilizopangiwa muda, lazima iwe inafanya kazi, nayo inashauriwa iendeshwe kila dakika.

Hatua ya 10: Hamisha akaunti za zamani

Mwanafunzi aliyekuwa na akaunti ya mkono kabla ya kazi hii hatahama mwenyewe. Moodle hutazama aina ya uthibitisho iliyoandikwa kwenye akaunti yake, ikiona ni ya mkono, haiulizi kanzidata ya nje hata kidogo. Tengeneza faili la CSV lenye safu mbili, username na auth, ambapo thamani ya auth ni db kwa kila mstari, kisha lipakie kupitia "Upload users" ukichagua kusasisha watumiaji waliopo tu. Kabla ya kupakia, litafute jina la msimamizi ndani ya faili hilo na ulitoe.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Kosa la 2002 au 2003 la MySQL. Seva haifikiki. Kagua faiwoli, kisha kagua bind-address kwenye seva ya kanzidata, kwa kuwa kwenye Ubuntu na Debian kwa kawaida husikiliza 127.0.0.1 pekee. Kwenye seva za Red Hat na jamaa zake, ikiwa amri ya hatua ya 3 inakubali lakini Moodle inakataa, washa ruhusa ya SELinux iitwayo httpd_can_network_connect_db.

Kosa la 1045 au 1130. Mtandao ni mzima, lakini mtumiaji au anwani anayotokea haitambuliki. Mara nyingi seva ya Moodle ina anwani mbili, nawe uliandika ile isiyotumika.

Moodle inasema haioni kiendelezi, ilhali umekiweka. Huenda PHP ya mstari wa amri na PHP ya tovuti ni matoleo mawili tofauti. Kagua ya tovuti kupitia ukurasa wa "PHP info" ndani ya Moodle, kisha uwashe upya huduma ya PHP.

Nywila ni sahihi lakini mtu anakataliwa. Rudia hatua ya 5. Ikiwa ni bcrypt, pima urefu wa safu: iliyotengenezwa kwa herufi 50 huweza kukata kumi za mwisho kimyakimya, na hakuna nywila itakayolingana. Hapo wanafunzi watalazimika kuweka nywila upya baada ya safu kupanuliwa.

Majina yanaonekana na alama za ajabu badala ya herufi zenye alama juu, mfano é, kama ilivyo kwa majina mengi ya Kifaransa ya wanafunzi kutoka Burundi na Kongo. Usimbaji (encoding) wa kanzidata ya nje si ule ulioandika. Kama ni latin1, badilisha sehemu ya usimbaji na uondoe amri ya SET NAMES.

Kusawazisha kunalalamika kwamba jina tayari lipo. Ni akaunti ya mkono ambayo haikuhamishwa. Rudi hatua ya 10.

Ukurasa wa kuingia unajaa maandishi ya SQL na hauendi mbele. Umeacha "Debug ADOdb" ikiwa imewashwa. Izime mara moja, kwa sababu maandishi hayo huonekana na kila anayefungua ukurasa huo, si wewe peke yako.